Sura ya Nne: Karata za Sayansi Nyumbani

Karata ya sayansi ni kipande cha karatasi ngumu kilichobeba jambo moja: elementi na uzito wa atomu yake, mnyama na chakula chake, au jeni moja kati ya zile mbili ambazo mtoto hurithi kwa wazazi. Jambo likishatengwa hivyo huweza kuokotwa, kusogezwa, kulinganishwa na mengine au kuwekwa kando, kazi ambayo ukurasa wa kitabu hauiruhusu. Tena karata huchezwa kwa kanuni, na maumbile nayo huenda kwa kanuni. Mchezo mzuri wa sayansi ni ule ambao kanuni hizo mbili ni moja, hata mchezaji asiweze kushinda pasipo kufuata njia ambayo maumbile yenyewe huifuata.

Michezo mingi inayoitwa ya elimu haifikii hapo. Mtoto hutupa dadu, husogeza kete, kisha huulizwa alama ya kikemia ya chuma. Akijibu huendelea, asipojibu hukosa zamu. Hapo sayansi imebandikwa tu juu ya mchezo. Swali la chuma lingeweza kuondolewa na kuwekwa swali la miji mikuu ya nchi, na mchezo usibadilike hata kidogo. Jaribio hilo ndilo kipimo rahisi kwa mzazi anayenunua au kutengeneza karata. Mada ikibadilishwa na mchezo ukabaki vilevile, karata zinafundisha majina. Mchezo ukivunjika, karata zinafundisha sayansi. Majina nayo yana haki yake, kwa kuwa hakuna anayeweza kufikiri juu ya kitu asichoweza kukitaja. Lakini majina ni mlango, na mtoto hastahili kuachwa mlangoni.

Karata katika kazi ya wanasayansi

Wanasayansi wenyewe wametumia karata kufikiria. Mwaka 1869 Dmitri Mendeleev, mkemia wa St. Petersburg nchini Urusi, alikuwa akiandika kitabu cha kufundishia kemia na alihitaji mpangilio wa elementi 63 zilizojulikana wakati huo. Masimulizi yanayorudiwa sana kuhusu kazi hiyo husema aliandika kila elementi kwenye kadi yake, pamoja na uzito wa atomu na tabia zake, kisha akazipanga na kuzipangua kama mtu achezaye karata peke yake. Lililo dhahiri ni matokeo. Elementi zilipopangwa kwa uzito, tabia zilijirudia kwa vipindi, na pale ambapo tabia hazikulingana Mendeleev aliacha nafasi tupu akatabiri kwamba elementi yake ingepatikana. Chini ya silikoni alitabiri elementi yenye uzito wa atomu karibu 72. Mwaka 1886 Clemens Winkler aliigundua nchini Ujerumani, akaiita germaniamu, na uzito wake ni 72.6. Kabla yake zilikuwa zimepatikana galiamu, mwaka 1875, na skandiamu, mwaka 1879, nazo zikakaa katika nafasi alizokuwa amezitabiri.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1974. Marsha Falco, mtafiti wa jenetiki huko Cambridge, alikuwa akichunguza kama kifafa cha mbwa aina ya German Shepherd hurithiwa. Taarifa za kila mbwa aliziweka kwenye kadi, na badala ya kuandika data ndefu alichora alama. Alipokuwa akitafuta mifanano na tofauti kati ya kadi aliona mchezo umejitokeza wenyewe, na baadaye ukauzwa kwa jina la SET. Una karata 81, kila moja ikiwa na sifa nne: umbo, rangi, idadi na mjazo, na kila sifa ina namna tatu. Mchezaji hutafuta karata tatu ambazo kwa kila sifa ama zinafanana zote ama zinatofautiana zote. Hesabu ya 81 inatokana na 3 × 3 × 3 × 3, yaani kila mchanganyiko unaowezekana umepewa karata moja.

Jinsi karata zinavyojenga kumbukumbu

Mwanasaikolojia wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 vipimo vya kusahau alivyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Alionyesha kwamba kusahau huenda kasi sana mwanzoni, kisha hupungua kasi, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunahifadhi zaidi kuliko kurudia kwa mfululizo.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha jaribio lililogusa moja kwa moja jinsi wanafunzi wanavyojisomea. Wanafunzi walisoma vifungu vifupi vya sayansi. Baadhi ya vifungu walivisoma tena. Vingine walijaribu kuvikumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, kusoma tena kulitoa matokeo bora, asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja hali ilipinduka: vifungu walivyojaribu kuvikumbuka vilitoa asilimia 56, walivyovisoma tena asilimia 42. Kulivuta jambo kutoka kichwani, kwa taabu, kunalikaza zaidi kuliko kulipitisha tena mbele ya macho. Kila zamu katika mchezo wa karata ni jaribio dogo la namna hiyo, nalo halina hofu ya mtihani.

Mwandishi wa Kijerumani Sebastian Leitner aliigeuza kanuni hiyo kuwa utaratibu wa nyumbani katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu kujifunza. Karata huwekwa kwenye boksi lenye vyumba kadhaa. Karata mpya huingia chumba cha kwanza. Mtoto akijibu sawasawa, karata husogea chumba kinachofuata. Akikosea, hurudi chumba cha kwanza, hata kama ilikuwa imefika mbali. Chumba cha kwanza hupitiwa kila siku, cha pili kila baada ya siku mbili au tatu, cha tatu kila wiki. Hivyo mambo magumu hupata muda mwingi na mepesi hayamchoshi mtoto. Boksi la viatu na vipande viwili vya kadibodi vya kugawia vyumba vinatosha.

Kuhifadhi namna hiyo kunafaa kwa alama za elementi, sehemu za ua, majina ya mifupa na vipimo vya fizikia. Michezo minne inayofuata inakwenda mbali zaidi. Katika kila mmoja, kanuni ya mchezo ni kanuni ya sayansi.

Mchezo wa kwanza: karata iliyofichwa

Mchezo huu unahitaji karata 9 tu, nao unamfundisha mtoto wa miaka tisa au kumi kutabiri. Kila karata ina jina la elementi na uzito wa atomu yake, na zote zinagawanyika katika familia tatu: lithiamu 7, sodiamu 23, potasiamu 39, kalsiamu 40, strontiamu 88, bariamu 137, klorini 35.5, bromini 80, iodini 127.

Mmoja anapanga familia moja kwa safu kutoka nyepesi hadi nzito, anaficha karata ya katikati, na mwenzake anatabiri uzito wake kwa kujumlisha zile mbili za pembeni na kugawanya kwa mbili. Kwa familia ya kwanza jibu ni 23 barabara. Kwa ya pili ni 88.5, karibu sana na 88. Kwa ya tatu ni 81 na ushei, na uzito wa kweli ni 80. Anayekaribia zaidi anachukua karata.

Utatu huo uliwekwa wazi mwaka 1829 na Johann Döbereiner, mkemia wa Kijerumani, miaka 40 kabla ya jedwali la Mendeleev. Watoto wakishauzoea, karata huongezewa tabia. Lithiamu hutulia kiasi inapogusa maji, sodiamu huchachamaa, potasiamu huwaka. Sasa mtoto anatabiri uzito na tabia pamoja. Hapo anakutana na wazo kubwa la kemia akiwa bado hajaliona darasani: elementi zina ukoo, na anayeujua ukoo anaweza kusema kitu cha kweli juu ya asichowahi kukiona.

Mchezo wa pili: kusawazisha chaji

Mchezo wa pili unafundisha fomula za kampaundi, sehemu ya kemia inayowatesa wengi kwa sababu hukaririwa bila kueleweka. Kiini chake ni kimoja. Atomu au kundi la atomu lililopoteza elektroni huwa ayoni yenye chaji chanya. Lililopokea elektroni huwa ayoni yenye chaji hasi. Ayoni chanya na hasi huvutana, na kampaundi hukamilika pale jumla ya chaji zote inapokuwa sifuri.

Pakiti ina karata 52, sawa na pakiti ya kawaida, hivyo karata za zamani zinaweza kubandikwa karatasi na kuandikwa upya. Nusu ni nyekundu, za ayoni chanya: sodiamu karata 10 na potasiamu 4, kila moja ikiwa na chaji 1, kalsiamu 6 na magnesiamu 4, zenye chaji 2, alumini 2, zenye chaji 3. Nusu nyingine ni nyeusi, za ayoni hasi: kloridi 6, haidroksidi 4 na haidrojenikaboneti 2, zenye chaji 1, oksidi 7 na kaboneti 7, zenye chaji 2. Chaji za karata nyekundu zote zikijumlishwa ni 40, na za nyeusi ni 40. Pakiti nzima, kama chumvi yoyote, haina chaji.

Kila mchezaji anagawiwa karata tano. Kwa zamu yake anaokota moja, kisha anaweza kulaza mezani karata zozote ambazo chaji zake zinafikia sifuri, akitaja kampaundi aliyoijenga. Anapata alama moja kwa kila karata aliyolaza, na nyingine moja akieleza mahali kampaundi hiyo inapopatikana katika maisha ya kila siku. Anayetangulia kufikisha alama 20 ndiye mshindi.

Kanuni ya alama ya nyongeza ndiyo inayoiingiza kemia jikoni. Sodiamu moja na kloridi moja ni chumvi ya kupikia. Kalsiamu moja na haidroksidi mbili ni chokaa iliyokorogwa kwa maji, inayopakwa kutani. Magnesiamu moja na haidroksidi mbili ni dawa ya kiungulia. Kalsiamu na kaboneti ni ganda la yai, nyumba ya konokono, jiwe la marumaru na matumbawe ya pwani. Sodiamu mbili na kaboneti moja zimo katika magadi, yale yanayotiwa kwenye maharage ili yaive upesi. Magadi ya Ziwa Magadi nchini Kenya ni mchanganyiko wa kaboneti na haidrojenikaboneti ya sodiamu pamoja na maji. Bibi ambaye hajawahi kusoma kemia anaweza kuwa ndiye mchezaji mwenye mengi ya kusema zamu ya magadi inapofika, na ni vizuri aombwe kusema.

Kampaundi inayotamaniwa kuliko zote ni ile ya alumini mbili na oksidi tatu: chaji 6 kwa 6, karata tano, alama sita kwa anayejua maelezo yake. Ndiyo madini ya yakuti. Ndiyo pia utando mwembamba usioonekana unaoifunika sufuria ya alumini na kuizuia isiliwe na hewa. Mtoto anayezishika karata mbili za alumini na kuzisubiria oksidi tatu kwa zamu nne amekwisha kuelewa kwa nini fomula ya kampaundi hiyo ina 2 na 3, na hatahitaji kuikariri.

Mchezo wa tatu: kurithi

Mchezo wa tatu unatumia pakiti ya kawaida bila kuandika kitu. Unaeleza selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu unaoathiri familia nyingi za Afrika Mashariki. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya himoglobini, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Nakala ya kawaida huitwa A, nakala ya selimundu S. Mwenye AA hana ugonjwa wala haurithishi kwa uzao wake. Mwenye AS ni mbebaji. Kwa kawaida ana afya njema. Mwenye SS ana selimundu.

Katika hatua ya kwanza, kopa ni A na shupaza ni S. Wachezaji wawili wanakuwa wazazi wabebaji, kila mmoja akishika kopa moja na shupaza moja. Kila mzazi anachanganya karata zake mbili na kuzilaza kifudifudi. Mchezaji wa tatu anafunua moja ya kila mzazi, anaandika kilichopatikana, na karata zinarudi mkononi. Zoezi linarudiwa mara 40. Kinadharia watatoka AA 10, AS 20 na SS 10, lakini ni nadra hesabu kutimia hivyo hasa, na tofauti hiyo ni sehemu ya somo: uwezekano husema mwelekeo wa wengi, hautoi ahadi kwa mmoja.

Mambo mawili mazito hujitokeza mezani. La kwanza, karata hurudi mkononi kila mara. Wazazi wabebaji wakipata mtoto mwenye selimundu, haina maana kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama. Kila mimba huanza upya na uwezekano uleule wa moja kwa nne. La pili, karata zililazwa kifudifudi. Hakuna mzazi aliyechagua, wala mama wala baba, na lawama ambayo mara nyingi hutupiwa mmoja wao haina msingi. Katika nyumba yenye mgonjwa, mchezo huu uchezwe kwa upole, naye ahusishwe kama mchezaji kamili.

Hatua ya pili ni ya watoto wakubwa. Kopa, uru na pao zote zinakuwa A, shupaza zinabaki S, na pakiti nzima ni kijiji. Karata zinachanganywa na kufunuliwa mbilimbili, jozi 26, kila jozi ikiwa mtoto mmoja. Katika mchezo wa kwanza jozi za SS zinaondolewa, zilizobaki zinachanganywa tena kuwa kizazi kipya, na zoezi linarudiwa vizazi vitatu au vinne. Shupaza huelekea kupungua. Katika mchezo wa pili, pamoja na SS, kila jozi ya tano ya AA inaondolewa pia. Hiyo ni malaria. Michezo hiyo miwili ikirudiwa mara kadhaa na matokeo kuandikwa kwenye daftari, tofauti huonekana: penye malaria, shupaza hukataa kwisha.

Sababu yake ilielezwa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliyechapisha ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba wabebaji wa AS wana kinga fulani dhidi ya malaria. Penye malaria kali, jeni inayoua ikiwa mbili huokoa ikiwa moja. Idadi ya moja kwa tano ni ya mchezo tu, imechaguliwa ili matokeo yaonekane kwa karata chache, na watoto waambiwe hivyo. Utaratibu wenyewe ni wa kweli, na ndio unaoeleza kwa nini selimundu imeenea katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria.

Mchezo wa nne: nyumbu, moto na miti

Mchezo wa nne unafundisha kwamba viumbe wameunganishwa, na kwamba badiliko la mahali pamoja husafiri mbali. Kisa chake ni cha kweli na kilitokea Serengeti. Sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe, iliingia Afrika ya mashariki mwishoni mwa karne ya 19 ikaua mifugo na wanyamapori kwa wingi. Katikati ya karne ya 20 ng'ombe wa maeneo yanayoizunguka mbuga walichanjwa. Wanyamapori hawakuchanjwa, lakini kwa kuwa walikuwa wakiambukizwa na ng'ombe, ugonjwa ulitoweka kwao pia. Nyumbu, waliokadiriwa kuwa karibu 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, walifika takriban milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani kote mwaka 2011.

Karata ni nane: sotoka, nyumbu, nyasi ndefu, moto, miche ya miti, twiga, simba na ng'ombe waliochanjwa. Hupangwa mezani, na kati yake huwekwa mishale ya karatasi. Mshale wa kujumlisha unaonyesha kwamba cha kwanza kikizidi, cha pili huzidi. Wa kutoa unaonyesha kwamba cha kwanza kikizidi, cha pili hupungua. Juu ya kila karata huwekwa kunde tano. Mchezaji anaokota karata ya tukio, mathalani chanjo, ukame au ujangili wa nyumbu, na anatakiwa kuufuata mkondo wa matokeo hadi mwisho, akiongeza au kupunguza kunde kila kituo na kusema sababu. Kila kituo sahihi ni alama moja. Akikosea, mwenzake anaendelea kutoka hapo.

Mkondo wa chanjo ni mrefu kuliko yote. Ng'ombe wakichanjwa, sotoka hupungua. Sotoka ikipungua, nyumbu huongezeka. Nyumbu wakiongezeka, simba hupata mawindo zaidi, na nyasi ndefu hupungua kwa kuliwa. Nyasi zikipungua, mioto ya kiangazi hukosa cha kuunguza. Moto ukipungua, miche huweza kukua kuwa miti, na twiga hupata majani. Ndivyo ilivyokuwa: watafiti wa Serengeti wameeleza kuongezeka kwa miti baada ya nyumbu kuongezeka na moto kupungua. Sindano iliyomchoma ng'ombe nje ya mbuga iliotesha miti ndani yake.

Mtoto akiurudia mkondo mara chache hugundua kanuni ambayo hakuna aliyemwambia: mishale miwili ya kutoa ikifuatana huzaa ongezeko. Ni kanuni ileile ya hesabu za namba hasi, na akishaiona mezani haitampa shida ubaoni.

Kutengeneza karata

Karatasi ya manila ya ukubwa wa A4 hutoa karata tisa za milimita 63 kwa 88, ukubwa wa karata za kawaida, kwa hiyo pakiti ya 52 inahitaji karatasi sita. Kadibodi nyembamba ya maboksi ya biskuti au dawa ya meno inafaa vilevile, mradi migongo ya karata zote ifanane. Karata yenye alama mgongoni hujulikana kabla ya kufunuliwa. Kalamu isiwe ya wino unaopenya hadi nyuma.

Kila karata ibebe jambo moja. Namba au alama inayohitajika kuchezea iandikwe kubwa kwenye pembe ya juu kushoto, kwa sababu karata zikishikwa kwa mkunjuo wa kipepeo ni pembe hiyo tu inayoonekana. Jina liandikwe katikati. Kila kilichoandikwa kilinganishwe na kitabu cha shule, kwani kosa lililo kwenye karata husomwa mara mia na kukaa akilini kwa uthabiti uleule wa ukweli.

Lugha ya karata ina uzito wake. Katika shule nyingi za msingi Tanzania sayansi hufundishwa kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza; wanafunzi wengi hujikwaa katika kuvuka huko, wakidhani wamekutana na sayansi ngeni ilhali wamekutana na majina mageni. Nchini Kenya mtoto anaweza kusoma sayansi kwa Kiingereza shuleni na kuzungumza Kiswahili nyumbani. Karata iandikwe jina la Kiswahili katikati na istilahi ya shule chini yake kwa herufi ndogo. Mchezo uchezwe kwa lugha ambayo mtoto hufikiria nayo.

Watoto washiriki kutengeneza. Kuamua kiandikwe nini na kiachwe nini ni kazi ya kisayansi, na mara nyingi mtoto aliyechora karata ya moto ndiye wa kwanza kuuliza moto huo unawashwa na nini.

Kuendesha mchezo

Wachezaji wawili hadi wanne wanatosha, kwa dakika 20 hadi 30. Mchezo ukomeshwe watoto wakiwa bado wanautaka. Vikao vifupi mara tatu kwa wiki vina faida kuliko kikao kimoja kirefu, kwa sababu ileile aliyoionyesha Ebbinghaus.

Mtu mzima acheze, asisimamie. Swali lake kuu ni moja: "Umejuaje?" Aliulize kwa jibu sahihi na kwa jibu lenye kosa, kwa sauti ileile, kwani likiulizwa kwenye makosa peke yake, mtoto hulisikia kama karipio. Aliyelaza karata zisizolingana azirudishe mkononi, asinyang'anywe alama. Mzazi asiyejua jibu aseme hajui, na kitabu kifunguliwe hapohapo mezani. Mtoto anayemwona mkubwa wake akitafuta jibu hujifunza jinsi ujuzi unavyopatikana.

Watoto wa umri tofauti wanaweza kucheza pamoja. Mdogo achezeshwe na karata zilizo wazi, au aungane na dada au kaka yake mkubwa, akabidhiwe kazi ya kuhesabu chaji au kuweka kunde. Mkubwa anayemweleza mdogo hupata faida mara mbili, kwa kuwa hakuna anayeweza kueleza kwa ufasaha jambo ambalo yeye mwenyewe halijamkaa.

Mipaka ya karata

Karata hurahisisha, na kila kurahisisha kuna gharama yake. Katika mchezo wa chaji, alumini mbili na kaboneti tatu hufika sifuri, lakini katika maji kampaundi hiyo haidumu. Maji na sukari havijengwi kwa ayoni kabisa. Atomu zake hushirikiana elektroni, na kanuni ya mchezo huo haivihusu. Katika mchezo wa Serengeti, mvua, ambayo huamua wingi wa nyasi, haina karata yake. Mipaka hiyo isifichwe. Watoto wakishaumudu mchezo waulizwe ni wapi unaachana na maumbile, kisha waruhusiwe kuongeza karata ya mvua au kanuni mpya. Kurekebisha mfano ili ukaribie ukweli ndiyo kazi ya mwanasayansi.

Karata pia haziwezi kuonyesha harufu, joto, povu wala muda. Baada ya mchezo wa chaji, kipande cha ganda la yai kitiwe kwenye siki, na magadi kidogo yakamuliwe ndimu. Povu litakalotoka kwa vyote viwili ni gesi ya kabonidayoksaidi, nayo imetoka katika kaboneti iliyokuwa mkononi mwa mchezaji dakika chache zilizopita. Karata humtayarisha mtoto kujua la kutazama. Jaribio humpa kilichopo.

Wingi wa michezo aliyoshinda mtoto hauonyeshi alichojifunza, maana bahati ina fungu lake katika kila mgawo. Alama za kweli ni tatu. Ya kwanza ni kutabiri: apewe ayoni ambayo haikuwemo katika pakiti, mathalani salfeti yenye chaji hasi 2, aulizwe itaungana na sodiamu ngapi, na ajibu bila kusaidiwa. Ya pili ni kueleza: aweze kumwambia mtu asiyejua mchezo kwa nini wazazi wenye afya wanaweza kumzaa mtoto mwenye selimundu. Ya tatu ni kubuni: atengeneze karata mpya, aiwekee kanuni, na aweze kuitetea mbele ya wachezaji wenzake. Anayeyaweza hayo matatu ameishika sayansi iliyokuwa ndani ya karata, na yuko tayari kwa pakiti nyingine.